Kujenga Programu kwa Vipimo vya Kwetu

Wasikilizaji wa Kigoma, mwenye kalamu na karatasi aviweke karibu, maana leo kuna amri nitazisoma herufi kwa herufi.

Mada ni ya kompyuta. Najua kuna mkono tayari unaelekea kwenye kitufe cha kubadili stesheni. Uzuie kidogo, mzee wangu, huenda mjukuu wako ndiye anayehitaji kusikia haya, naye bado amelala.

Leo tunazungumzia programu huria, zile ambazo waandishi wake wameacha kila kitu wazi. Unaruhusiwa kuzitumia, kuzichungulia ndani, kuzibadili na kumpa mwenzako. Na katika hizo nachukua zile zinazoendeshwa kwa kuandika amri kwenye terminali, ule ukurasa mweusi usio na picha wala vitufe. Swali langu ni hili: ukiamua kuijenga programu ya namna hiyo wewe mwenyewe, kutoka kwenye msimbo wake, unaamuaje iwe na nini, isiwe na nini, na ikae wapi? Nalirudia kwa aliyechelewa: iwe na nini, isiwe na nini, ikae wapi. Mengine yote ya leo yanazunguka hapo.

Sasa, kujenga programu ni nini hasa? Watu wa Kigoma tuna bahati, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikapangwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa kwenye reli ya kati ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika hapa mwaka 1914, kisha mafundi wakaiunganisha upya ufukweni kwetu. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Kwa nini haikuja nzima? Kwa sababu hakuna mto wa kuipitisha meli kutoka baharini mpaka Tanganyika. Na kitu kilichounganishwa hapa kinafunguliwa hapa: miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ilitolewa, ikawekwa ya dizeli, na meli ikaendelea kubeba watu.

Programu nayo ina njia mbili za kukufikia. Njia ya kwanza inakuja nzima. Ukiwa na mfumo wa Linux kama Ubuntu au Debian, unaandika "apt install" na jina la programu, na baada ya dakika chache unaitumia. Kuna mtu mahali fulani aliyeshakaa akakuunganishia, akaamua iwe na nini na isiwe na nini. Njia ya pili ni makasha. Unapakua msimbo, yaani maandishi aliyoyaandika mtengenezaji, halafu kompyuta yako mwenyewe, kwa kutumia programu nyingine iitwayo kompaila, inayageuza maandishi hayo kuwa kitu kinachoendeshwa. Hapo maamuzi ni yako.

Nisiwadanganye. Mara nyingi njia ya kwanza inatosha, na anayejenga kila kitu mwenyewe kwa sababu tu anaweza, huyo ana bando la kuchezea. Jenga ukiwa na sababu. Programu iliyopo haina kitu unachokihitaji. Au ni ya zamani mno. Au kompyuta si yako na paswedi ya msimamizi huna. Au diski ni ndogo na ile nzima haiingii. Sababu mojawapo ikiwepo, endelea kunisikiliza.

Kwa programu nyingi za aina hii hatua ni tatu, na msimbo wake ukishaufungua unaingia ndani ya folda yake kwanza. Andikeni.

Hatua ya kwanza: nukta, mkwaju, halafu neno configure. Herufi zake: c, o, n, f, i, g, u, r, e. Hakuna nafasi katikati. Kwa maandishi ni "./configure". Amri hii inazunguka ndani ya kompyuta yako ikiuliza maswali. Kompaila ipo? Ni ya aina gani? Maktaba fulani, yaani msimbo uliokwisha andikwa ambao programu nyingine huuazima, ipo? Ikimaliza inaandika mpango wa ujenzi unaolingana na mashine hiyo. Hatua ya pili: "make", m, a, k, e. Hapo ndipo ujenzi wenyewe unapofanyika, na kompyuta ya zamani itaanza kuunguruma kama inapanda mlima. Hatua ya tatu: "make install", na sasa kilichojengwa kinapelekwa kwenye makazi yake.

Zipo programu zinazotumia zana nyingine, kama CMake au Meson, lakini ukishaizoea hii, zile hazitakusumbua sana.

Mipangilio tunayoizungumzia leo karibu yote inaingia kwenye ile hatua ya kwanza. Baada ya neno configure unaongeza swichi. Swichi huanza kwa vistari viwili. Kuna za kuwasha, huanza na "--enable" au "--with". Kuna za kuzima, huanza na "--disable" au "--without". Unazijuaje zilizopo? Usikisie, wala usinakili tu ya mtu uliyemkuta kwenye intaneti. Andika "./configure --help" na orodha nzima itateremka. Nasisitiza: ile orodha ya help isome kabla hujajenga chochote. Ni ndefu, ndiyo. Isome hivyo hivyo.

Twende kwenye mfano ulio karibu na mimi hapa studio. Kuna programu huria iitwayo FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Inakata sauti, inaunganisha video, inageuza faili la aina moja kuwa la aina nyingine, na yote kwa kuandika amri. Karibu kila mtu anayeshughulika na sauti ameshaitumia, hata kama hajui, kwa sababu imejificha ndani ya programu nyingine nyingi.

Tuseme kijana yuko Ujiji, amerekodi mahojiano na mzee kuhusu biashara ya chumvi ya Uvinza, na anataka kuyageuza kuwa MP3 ili yaingie kwenye simu za watu. Amepakua msimbo wa FFmpeg, amejenga bila kugusa swichi yoyote, imejengeka bila kosa, na anafurahi. Anatoa amri ya kutengeneza MP3. Inagoma. Inamwambia haina cha kutengenezea MP3.

Ajabu, sivyo? FFmpeg hiyo hiyo inaweza kumfungulia na kumchezea MP3 yoyote. Lakini kusoma MP3 na kuandika MP3 ni kazi mbili tofauti. Ya kusoma imo ndani yake. Ya kuandika inaiazima kwa maktaba nyingine iitwayo LAME, na haitaiazima mpaka uiambie. Swichi yenyewe: kistari kistari, enable, kistari, libmp3lame. Kwa maandishi, "--enable-libmp3lame".

Kijana anarudi, anaongeza swichi hiyo, anaanza upya. Inagoma tena, safari hii mapema zaidi: libmp3lame haikuonekana. Anashangaa, kwa sababu LAME ameshaisakinisha jana. Hapa wengi hukata tamaa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kutumia maktaba na kujengea kwa maktaba ni mambo mawili. Kwa kujengea unahitaji mafaili ya ziada yanayomweleza kompaila maktaba hiyo ina nini ndani, na kwenye Debian na Ubuntu mafaili hayo hukaa kwenye kifurushi cha peke yake, ambacho jina lake huishia na "-dev". Kwa huyu kijana ni "libmp3lame-dev". Akikiweka, configure inapita.

Na ikigoma bila maelezo ya kueleweka? Kuna faili liitwalo config.log, ambamo configure huandika kila swali iliyouliza na jibu ililopata. Kwa FFmpeg liko ndani ya folda ndogo iitwayo ffbuild. Lifungue, shuka mpaka chini, kosa lako liko humo. Sijui kwa nini watu wanaliogopa faili hili. Pengine ni ule urefu wake.

Kabla sijasahau, na hili ningelitaja mapema: yawezekana kijana wetu hakuhitaji kujenga. FFmpeg inayokuja na Ubuntu imeshawekewa LAME. Unajuaje? Andika "ffmpeg -buildconf", nayo itakutajia swichi zote alizotumia aliyeijenga. Git, programu tutakayoiona baadaye, pia ina yake, "git version --build-options". Kwa hiyo ulizia kwanza ile uliyonayo imejengwaje.

Swichi nyingine mbili za FFmpeg zina jambo la kisheria, na kwa kuwa sisi ni watu wa kugawana kwa flashi, tulitazame. FFmpeg ikijengwa kawaida iko chini ya leseni ya LGPL. Ukiweka "--enable-gpl", ambayo utaihitaji kwa mfano ukitaka maktaba ya video ya x264, leseni ya kitu kizima inakuwa GPL. Bado unaruhusiwa kugawa, kwa masharti yake. Lakini ukiweka "--enable-nonfree", ulichojenga hakiruhusiwi kugawiwa kwa mtu mwingine. Tumia mwenyewe. Kijana anayejenga moja ili aisambaze kwenye maabara ya shule na kwa marafiki wa Mwanga hapa Kigoma, swichi hiyo aiache kabisa.

Tumemaliza "iwe na nini". Sasa "ikae wapi", na hapa ndipo pananipendeza zaidi.

Usiposema chochote, programu nyingi zitataka kukaa kwenye "/usr/local". Hapo ni mahali pa kompyuta nzima, na kuandika hapo kunahitaji mamlaka ya msimamizi. Fikiria maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari. Mashine ishirini, mwalimu mmoja mwenye paswedi, na wanafunzi ambao, kwa busara kabisa, hawajapewa. Mwanafunzi atajengaje? Kuna swichi inaitwa prefix: p, r, e, f, i, x. Unaandika "./configure --prefix=$HOME/programu". Ile alama ya dola na HOME kwa herufi kubwa maana yake ni nyumbani kwako ndani ya kompyuta hiyo, folda yako binafsi. Baada ya hapo make install itaweka kila kitu humo, bila paswedi ya mtu, bila kugusa cha mwenzako. Siku ukiichoka, unafuta folda moja, yameisha.

Na hata kama paswedi unayo, mimi ningekushauri ujengee nyumbani kwako kwanza. Ukiwa msimamizi ukasakinisha juu ya programu ambayo mfumo wenyewe unaitegemea, unaweza kuamka kesho ukakuta vitu visivyohusiana vimegoma.

Git ina tabia nzuri katika hili. Ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, aliyoianzisha Linus Torvalds mwezi Aprili 2005. Ukiijenga kwa make peke yake bila kusema ikae wapi, inakwenda nyumbani kwako yenyewe. Walioiandika wamedhani, na nadhani wamedhani sawa, kwamba anayejenga bila kutaja mahali huenda anajaribu tu.

Lipo jambo moja la kumalizia. Ukishaweka programu nyumbani kwako, ukiandika jina lake kompyuta inaweza kukujibu haijui kitu hicho. Au vibaya zaidi, inakuendeshea ile ya zamani, nawe unashangaa mbona swichi zako hazijafanya kazi. Sababu ni kwamba kompyuta hutafuta programu kwenye orodha ya folda iitwayo PATH, na hutafuta kwa zamu, ya kwanza kuonekana ndiyo inayotumika. Folda yako iweke mwanzoni mwa orodha: "export PATH=$HOME/programu/bin:$PATH". Mstari huo uongeze mwishoni mwa faili la .bashrc lililo nyumbani kwako, vinginevyo kesho utakuwa umepotea. Ukiwa na wasiwasi ni ipi inayoendeshwa, andika "type -a ffmpeg" utajiwe zote na mahali zilipo.

Sasa mwalimu wa maabara ananiuliza: mimi nina mashine ishirini, nijenge mara ishirini? Hapana, mwalimu. Jenga kwenye moja, nakili kwenye nyingine. Lakini kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni swichi ya kompaila inayosifiwa sana na vijana, "-march=native". Inamwambia kompaila atumie uwezo wote wa prosesa ya mashine hii hii. Ukijengea kwenye laptopu mpya ukapeleka kwenye zile kompyuta za mezani za msaada, zilizofika zikiwa zimeshatumika miaka mingi kwingine, programu inakufa papo hapo na maneno "Illegal instruction". Imepewa agizo ambalo prosesa ya zamani haijawahi kulisikia. Kwa maabara, swichi hiyo iache.

Mtego wa pili ni configure kuwa na macho makali kupita kiasi. Ikikuta kwenye mashine unayojengea kuna maktaba fulani, inaitumia hata kama hukuiomba. Ukihamishia kwenye mashine isiyo na maktaba hiyo, programu haifunguki. FFmpeg ina dawa yake, "--disable-autodetect", yaani usijitafutie, tumia nilichokutajia tu. Kwa programu isiyo na swichi kama hiyo, jengea kwenye mashine iliyo maskini kuliko zote. Itachukua muda mrefu, lakini kilichojengeka pale kitafunguka kwingine kote kwenye chumba kile, mradi zote zina mfumo wa toleo moja.

Kuhusu muda, hebu tuseme la umeme, kwa sababu tuko Kigoma na tunajuana. Make ilibuniwa na Stuart Feldman huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1976, na uzuri wake ni kwamba haijengi upya kilichokwisha kujengwa. Inalinganisha saa za mafaili: kama msimbo ni mpya kuliko kilichojengwa, inajenga, kama sivyo, inaruka. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati, ukirudi unaandika make tena na inaendelea palipoishia.

Karibu kila mara. Sekunde ile umeme unapokatika, kuna faili lilikuwa linaandikwa. Linaweza kubaki tupu kabisa huku saa yake inaonyesha ni jipya. Make inaliona, inasema hili limekwisha, inaruka, na mwisho wa safari kila kitu kinagoma kuungana, kosa lenyewe halieleweki. Ukikutana na hilo baada ya umeme kukatika, tafuta mafaili yenye mwisho wa nukta o yaliyo matupu uyafute: "find . -name '*.o' -size 0 -delete". Kisha make tena. Isipokubali, "make clean" na uanze moja, pole sana.

Halafu kuna wanaoambiwa waandike "make -j" ili iende haraka. Ukiiandika hivyo bila namba, inaanzisha kazi nyingi kadiri inavyoweza, na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 itaganda hata mshale usisogee. Weka namba. "make -j2" inatosha kwa mashine nyingi tulizonazo.

Bando nalo? Ukichukua msimbo kwa amri ya "git clone", historia yote ya miaka na miaka inakuja nayo, na hukuihitaji. Ongeza "--depth 1" upate hali ya leo tu.

Sasa ndugu zangu, turudi kwenye "isiwe na nini", nizungumzie swichi moja ambayo watu wengi huizima bila kufikiri: "--disable-nls". Hii inaondoa uwezo wa programu kuzungumza na mtumiaji kwa lugha yake, inabaki Kiingereza peke yake. Maelekezo mengi ya kupunguza ukubwa wa programu huianza hiyo. Ukiangalia haraka utasema sawa, programu nyingi za amri hazijatafsiriwa kwa Kiswahili, nitapoteza nini?

Ngoja kwanza. Kwenye mfumo wa Linux, Kiswahili cha Tanzania kina nafasi yake rasmi, inaitwa sw_TZ, na cha Kenya kina sw_KE. Mlango upo. Na kazi ya kutafsiri imeshafanyika katika nchi hii: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Wale walikaa wakatafuta maneno moja moja. Programu za terminali ndizo zilizobaki nyuma, kwa sababu wanaozitumia ni wachache, na wachache hao wamejizoesha Kiingereza.

Lakini kwa Kigoma kuna jambo jingine. Darasani kwetu kuna watoto waliotoka Kongo na Burundi, na wapo waliosoma kwa Kifaransa. Programu nyingi za GNU, mradi mkubwa wa programu huria, zina Kifaransa kamili. Ukizima nls kwenye mashine ya maabara kwa ajili ya kuokoa nafasi ndogo tu kwenye diski, umemzimia mtoto wa Uvira ujumbe wa kosa ambao angeuelewa. Kwenye kidude kidogo kisicho na skrini, zima. Kwenye mashine ya watu, mimi naiacha.

Tunakaribia mwisho, ila hili la usalama siwezi kuliruka. Kuna mtu atasema: nikijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, basi niko salama, kila kitu kiko wazi. Mwaka 2024 tulionyeshwa. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ Utils, imo karibu kila mfumo wa Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan aliisaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo. Kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia. Na aliuficha wapi? Kwenye hatua ile ile ya configure tunayoizungumzia. Msimbo ulioonekana kwenye ghala la wazi haukuwa na kipande cha kuuwasha mlango huo. Kilikuwa ndani ya kifurushi cha kupakua peke yake, kwenye maandishi ya kuandaa ujenzi ambayo karibu hakuna anayeyasoma.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye mashine zake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Mifumo mikubwa mingi ilikuwa bado haijayapeleka matoleo yale kwa watu wake.

Kwa hiyo nifanye nini, utaniuliza. Pakua kwenye tovuti ya wenyewe, usipokee msimbo wa flashi ya mtu usiyemjua. Linganisha alama ya uthibitisho: andika "sha256sum" na jina la faili, utapata mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, utazame kama unafanana na uliotangazwa. Hilo halingemzuia Jia Tan, maana faili lake lilikuwa la kwenye tovuti halali. Litamzuia mhuni wa njiani. Na kamwe usiendeshe configure wala make ukiwa msimamizi. Mamlaka hayo, kama ni lazima, yatumie kwenye make install peke yake.

Jambo la mwisho la kuandika kwenye karatasi zenu ni kuandika. Ukijenga mwenyewe, apt haitakuletea masahihisho ya usalama ya programu hiyo. Ni wewe utakayejenga toleo jipya, na siku hiyo utataka kujua ulitumia swichi gani miezi minane iliyopita. Git imelifikiria hili: unaweka faili liitwalo config.mak ndani ya folda ya msimbo wake, kila uamuzi na mstari wake, na make italisoma yenyewe. Hutaki sehemu za dirisha zinazohitaji Tcl/Tk? Unaandika "NO_TCLTK = YesPlease". Ndivyo wenyewe walivyozoea kuandika, ndiyo tafadhali, kana kwamba kompaila inahitaji kubembelezwa. Toleo jipya likija, unalihamishia humo faili lile lile. Ila ukikutana na NO_CURL iache, ukiizima curl Git yako haitaweza kuchukua kitu kwa anwani za https.

Kwa programu nyingine, tengeneza faili lako dogo la maandishi, mstari wa configure wote uukopi humo pamoja na sababu ya kila swichi. Na folda uliyojengea usiifute haraka, kwa sababu "make uninstall", pale inapokuwepo, inafanya kazi ukiwa ndani ya folda hiyo, ikiwa na mpangilio ule ule.

Naona fundi mitambo ananionyesha saa, na taarifa ya habari haisubiri mtu. Wenye maswali yaleteni studio kabla ya Alhamisi, tutayajibu Jumamosi wakati kama huu. Taja jina la programu na toleo lake, aina ya kompyuta, mstari wa configure ulioutumia, na mistari kumi ya mwisho ya config.log. Ukiniandikia "imegoma" peke yake, nitakusalimia hewani kwa jina lako, lakini jibu sitakuwa nalo. Asubuhi njema.